Wadudu wa Mama Kasiani

Bibiana, tuliyemwita Mama Kasiani, alikuwa mfinyanzi wa Chiwata, na ulimi wake nusura utuponze sote. Kila kiangazi aliingia katika ziwa letu dogo la bondeni mpaka kiunoni, akachimba udongo wa chini kwa mikono. Kabla hajautia kapuni aliusuuza kwenye chekeche, akawarudisha majini viumbe waliokuwamo. Mimi niliyefinyanga naye nilikereka kwa kuchelewa.

Mwaka 1956 akaja Nikolao, karani wa maji kutoka Newala, kavaa soksi ndefu kwenye jua lile. Tope hakulikanyaga. Alisimama ukingoni na daftari lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji haya yana wadudu?"

"Wamejaa tele," akajibu kwa fahari. "Huko chini hakuna hata pa kuweka kidole."

Mwenzetu alikuwa anasifu. Karani akaandika kwamba maji yana wadudu, yaani wa maradhi. Wiki mbili baadaye jumbe wa kijiji akatusomea barua: ziwa litatiwa dawa ya kuua kila kilichomo, kisha lifungwe mwaka mzima. Kisima cha karibu zaidi kilikuwa mwendo wa nusu siku. Wanawake walimnunia Mama Kasiani, nami nilimnunia, nakiri. Msemaji yule akawa bubu, akakonda.

Siku ya dawa Nikolao alikuja na Mzungu, mkuu wake wa kazi, na magunia manne ya dawa. Mama Kasiani alikuwa amekwisha ingia majini. Akatoka na konzi ya tope, akaomba sahani nyeupe ya bati aliyokuwa akilia chakula yule Mzungu, akaitia maji safi na tope kidogo.

"Wadudu niliowasema ni hawa," akasema.

Kwanza hatukuona kitu. Halafu tope likaanza kutembea. Akajitokeza mnyoo mwekundu, mwembamba kama uzi. Kome wa ukubwa wa ukucha akafungua kinywa, akakifumba. Kulikuwa na konokono ambaye moyo wake ulionekana ukipiga ndani ya gamba, na vidudu vyenye mikia mitatu vilivyopumua kwa manyoya ya ubavuni. Mdudu mwingine alibeba nyumba ya chembe za mchanga, kaziunganisha moja moja bila kuacha ufa.

"Huyu fundi mwenzangu," Mama Kasiani akasema kwa sauti ya chini. "Vyungu vyangu hupasuka. Chake sijakiona kimepasuka."

Miaka yote ile nilikuwa nimekanyaga mji mzima, nikilalamika kwamba nacheleweshwa. Mzungu alilala kifudifudi mbele ya sahani, na Nikolao akapiga magoti, soksi na yote, topeni. Mwishowe Mzungu akasema, na karani akatafsiri, kwamba hawa wa mikia mitatu ndio hufa kwanza maji yakichafuka. Wakiwa hai wengi hivi, maji ni mazima. Magunia yakarudishwa garini.

Nikolao akafungua daftari, akalifuta kwa mstari neno "wadudu".

"Sasa niandike nini, Mama? Huko chini kuna nini?"

"Andika wenyeji."

Karani akatabasamu, kisha akaacha. Katika karatasi zote za serikali neno lile lilikuwa letu sisi Waafrika. Akamtazama Mzungu, akainama, akaliandika.