Kipenga cha Zedekiah Aloo

Zedekiah Aloo, karani wa reli wa Makongeni, alijaliwa mengi, ila unyenyekevu haukuwamo. Miaka kumi na minne alikuwa refa wa fainali ya mitaa, na aliyembishia mara moja hakurudia.

Mwaka 1996, baada ya kuharisha wiki nzima, vidole vyake vilikufa ganzi, kisha uso ukalegea pande zote mbili. Majirani wakasema kiharusi. Daktari alikataa.

"Kinga ya mwili wako imegeuka kushambulia neva zako," alimweleza. "Mara nyingi ugonjwa huu huangusha miguu. Wewe unatembea, uso ndio umeanguka. Ni nadra sana."

Akaita wanafunzi waje kutazama. Zedekiah akakaa wima kama anayepigwa picha.

"Walikuwa tisa!" alimwambia mkewe, Roseline. "Na wote waliandika!"

Lakini midomo haikufumbika. Chai ilimchuruzika kidevuni, na fainali ilikuwa imekaribia. Matheka, katibu wa ligi, akaja nyumbani.

"Mzee Aloo, mwaka huu utakaa na wageni wa heshima. Tutatafuta refa mwingine."

"Miguu yangu inakimbia," Zedekiah akajibu, maneno yakimpwaya mdomoni. "Kipenga nitapuliza mimi."

Matheka alipoondoka, Zedekiah alilia. Akaingia jikoni, akabana midomo kwa vidole kuzunguka kipenga, akapuliza. Ikatoka sauti ya birika linaloanza kuchemka. Alipuliza hivyo kila siku hadi Matheka akachoka kukataa.

Siku ya fainali, Makongeni walicheza na Jericho. Dakika ya mwisho, Odera, nahodha wa Makongeni, alifunga bao. Mtaa mzima ukalipuka. Zedekiah alikuwa ameona mkono wa Odera ukigusa mpira. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, na hapo kunyamaza tu kungemtunza. Akabana midomo, akapuliza. Kelele zikaimeza sauti.

Akapuliza tena, machozi yakimtiririka.

Odera, aliyekuwa amebebwa mabegani, akamwona na vidole vyake mdomoni. Akajitupa chini.

"Wacheni! Ref amepuliza!"

"Hatujaskia kitu, buda!" wenzake wakapinga.

"Mimi nimemwona. Amepuliza. Hiyo si goli."

Akauchukua mpira wavuni mwenyewe, akauweka miguuni pa mzee. Wachezaji wote wakarudi nyuma. Zedekiah hakuweza kutabasamu, wala hakuhitaji. Akatembea kifua mbele, akaonyesha mahali pa kupigia mpira wa adhabu, na uwanja mzima ukanyamaza kumsubiri.