Maombi Marefu ya Bitutu

Bitutu, mke wa Makori, hakuwa na saa wala hakuitamani. Maji aliyapima kwa maombi. Mwaka 1969, mtungi ukiwa chini ya chemchemi, alimwombea Makori, akawaombea watoto saba, akasema amina, na mtungi ukawa umejaa. Kufikia 1974 alikuwa akiombea wakwe, ukoo mzima, wazee wa kanisa na serikali. Asubuhi moja alijikuta amewamaliza hata Wakatoliki, na mtungi bado unalia utupu. Aliyebaki bila kuombewa Birongo nzima alikuwa Nyangau. Bitutu akajitwika mtungi nusu, akaondoka.

Nyangau ndiye aliyekuwa sababu. Alivaa viatu vyeupe mahali ambapo matope hayajawahi kumheshimu mtu, na kundi lake aliliita Kampuni. Lilikuwa na lori, wakata miti kumi na wanane, matanuri ya mkaa juu ya kilima, na kibali chenye muhuri ambao, ukiutazama vizuri, ulihusu chanjo ya mbwa. Naibu wa chifu aliutazama vizuri, akauona halali, na tangu siku hiyo jiko lake halikukosa mkaa. Alfayo, jirani yake Makori, aliuliza hadharani mbona chemchemi inakauka. Asubuhi iliyofuata alikuta michai yake yote imeng'olewa na kulazwa kando ya njia, kwa mistari iliyonyooka kuliko alivyoipanda yeye. Baada ya hapo watu wa Birongo waligundua kwamba hawakuwa na maswali.

Kampuni ilikuwa na akili pia. Upande wa mashariki wa kilima waliishi Waadventista. Huko ilikata Jumamosi. Upande wa magharibi waliishi Wakatoliki; huko ilikata Jumapili. Hakuna mchungaji wala padre aliyeshika siku za Bwana kwa uaminifu kama Nyangau.

Bitutu, aliyekuwa shemasi, alilipeleka jambo kwa wazee wa kanisa. Wazee wakajadili kama kulinda mti siku ya Sabato ni kazi. Walijadili Sabato tatu. Miti iliendelea kuanguka kilimani, na mzee Nyamongo alilazimika kupaza sauti ili hoja yake isikike.

"Wewe nyamaza," Makori alimwambia mkewe nyumbani. "Watatung'olea chai."

"Na maji ya kuipikia utatoa wapi?"

Bitutu akaenda sokoni kwa Syprose, muuza samaki aliyetoka upande wa ziwa, kiongozi wa akina mama Wakatoliki, mwenye sauti ya kuita watu wa Nyamache akiwa Birongo.

"Moka-Makori!" Syprose alimlaki kwa jina la mumewe, kama desturi. "Leo umekuja kununua au kuniokoa?"

"Kukuokoa nilishashindwa. Nimekuja kukuazima. Jumamosi mtulindie miti yetu. Jumapili mkiwa misani, tutawalindia yenu."

Syprose alicheka hadi nzi wakapisha. "Kwa hiyo mbinguni hatuingii, ila kilimani tunafaa?"

"Mama Odero," Bitutu akamjibu, "ya mbinguni tutajuana huko huko. Maji yanaisha hapa."

Jumamosi lori lilipanda, likakuta akina mama thelathini wameketi katikati ya njia wakichambua maharagwe. Dereva Obiero akazima injini. Nyangau akashuka na watu wake, mapanga mkononi, akasema anawapa nusu saa waondoke, kisha atahesabu hadi ishirini. Syprose akatoa filimbi kifuani, akaipuliza kwa nguvu zote.

Ilisikika kanisani, Nyamongo akiwa katikati ya mahubiri. Bitutu akaiona akilini michai yake imelazwa kando ya njia. Akasimama.

"Dada shemasi, wapi?"

"Matembezi, mzee."

Kila Sabato, baada ya chakula, waumini hao walitoka kutembea na kutazama viumbe vya Mungu. Ilikuwa halali kabisa.

"Matembezi ni alasiri!"

"Leo viumbe vimewahi. Na kutazama si kazi."

Alfayo ndiye wa kwanza kumfuata. Hakuwa na chai ya kung'olewa, kwa hiyo alikuwa mtu huru kuliko wote. Ikafuata kwaya. Makori akafuata, akinung'unika. Mwishowe Nyamongo akakunja mahubiri, kwa kuwa mabenchi hayatubu.

Walipanda watu mia mbili waliovalia nguo za Sabato, wakajipanga kandokando ya lori, wakatazama. Hawakugusa kitu, kugusa kungekuwa kazi.

"Yule mwenye panga wa mbele si Ogari wa Nyakoe?" mwanakwaya mmoja akauliza.

"Ndiye. Mama yake ni Persis, yule mgonjwa wa miguu. Nimemwombea mwezi mzima," Bitutu akasema kwa sauti. "Ogari, mama hajambo?"

Ogari akaficha panga nyuma ya mgongo. Kampuni iliwazoea watu wasio na maswali. Haikujiandaa kwa watu wanaojua mama wa kila mtu. Nyangau akaanza kuhesabu, akafika kumi na saba, akarudi kumi na mbili. Obiero akawasha lori, akashuka kinyumenyume, na wakata miti wakalirukia likienda. Nyangau alirudi kwa miguu. Vile viatu havikuonekana tena vikiwa vyeupe.

Zamu ya ulinzi iliendelea miaka miwili, Jumamosi hawa, Jumapili wale. Matanuri yalibomolewa. Serikali ikaleta miche ya mikaratusi, ikapandwa kwa hotuba, nayo ikanywa maji hadi Bitutu akarudi kuwaombea wakwe. Ikang'olewa bila hotuba. Wakapanda mitembe na miringaringa, miti ya asili isiyomaliza maji, kwa risaga, ile kazi ya kusaidiana ya Wagusii, wakianza na shamba la Alfayo. Palikuwa na vyungu viwili: kimoja cha uji wa Waadventista, na kingine cha Wakatoliki, ambacho hakuna aliyeuliza kina nini.

Mwaka 1979 Syprose alimkuta Bitutu chemchemini, amefumba macho. Akangoja amina. Haikuchelewa, na mtungi ulikuwa unamwagika.

"Umefika wapi?"

"Mtoto wa saba."

Syprose akautazama mtungi, kisha akamtazama mwenzake. "Yaani siku hizi hunifikii?"

Bitutu akafikiri. Akamwaga mtungi wote, akaurudisha chini ya maji, akafumba macho tena.