Upepo wa Tairi la Moto

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya sabini, nilifika karakana ya Nachingwea nimevaa shati jeupe. Mkuu wa Karakana alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kuoa. Kufikia saa nne shati lilikuwa jeusi, nami nimeshajifunza kung'oa tairi la lori kwenye rimu kwa vyuma viwili na nguvu za mgongo.

Nilitoka kijijini Naipingo, na tairi nililolijua ni la baiskeli. Pale nikafundishwa geji, yaani kipimo cha upepo, na kutambua tairi kipara, lililolika mikato yake mpaka likang'aa. Nikafundishwa pia desturi ambayo madereva wa malori ya korosho waliishika kama ibada: jua likipanda na tairi likichemka, unashuka unapunguza upepo lisije likapasuka. Nilifanya hivyo miaka mitano, na hakuna aliyenikosoa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini wakaja watu wa kiwanda cha matairi. Walikuwa na gari la mashindano, limelala chini kiasi kwamba kuku asingepita uvunguni, na matairi mapana waliyoyasanifu upya. Walitaka lami ndefu na jua kali, na vyote tulikuwa navyo kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Mhandisi wao, mama wa makamo kutoka Moshi, alipanga mapipa kuonyesha kona, akaniomba kwa Mkuu nimsaidie.

"Upepo nimeutia alfajiri, matairi yakiwa ya baridi," aliniambia. "Wewe kila mizunguko kumi soma geji, uniandikie. Basi."

Jamani, lile gari! Nilizoea malori yanayokuja yakilalamika. Hili lilinipita, nikageuza shingo, tayari liko pipa la mwisho. Kwenye kona nilijua linapinduka. Matairi yakang'ang'ania lami, likazunguka kama limefungwa kamba. Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Liliposimama baada ya mizunguko kumi niligusa mpira, ukaniunguza na kunata kiganjani kama ulimbo. Sikujua kwamba binadamu anaweza kuufanya mpira uwe vile.

Geji ikasoma juu kuliko asubuhi. Mkono wangu haukusubiri kuagizwa. Nikabonyeza vali za magurudumu yote manne, nikarudisha kipimo cha asubuhi, nikaandika namba hiyo. Mzunguko wa ishirini nikarudia. Nilidhani nawatendea wema.

Mzunguko wa ishirini na sita, tairi la mbele kushoto likapasuka kwenye kona. Gari likatoka nje ya lami, likajizungusha mara mbili majanini. Dereva alitoka akitembea, namshukuru Mungu mpaka leo.

Mhandisi alichuchumaa mbele ya vipande vya tairi. "Miaka minne nimelichora hili," alisema. "Nikirudi na taarifa hii, kalibu yake inavunjwa." Kalibu ni chuma cha kuumbia tairi. Kisha akaitazama karatasi yangu. "Na upepo haukupanda hata kidogo. Sielewi."

Mkuu wangu, aliyekuwa amekuja kutazama, alielewa. Akanivuta kando. "Ulipunguza?"

"Nilipunguza, Mkuu."

"Nani kakuona?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo. Ukisema, gari la watu umevunja wewe, na kwangu kazi huna."

Nilikuwa na mke na watoto wawili. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikwenda kunywa maji kwanza, nikarudi kwa mhandisi.

"Mama, upepo niliutoa mimi. Tairi halina kosa."

Nilingoja matusi. Akasimama. "Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili, na bado likakimbia?" Akanieleza polepole, kama mwalimu. Kupanda kwa upepo alikuwa ameshakuhesabu. Ukiutoa, tairi linalegea, ubavu unajikunja kila linapozunguka, joto linazidi mpaka linapasuka. Nikayakumbuka malori yote yaliyopasukiwa matairi njia ya Ruangwa baada ya mkono wangu kuyagusa, tukalaumu jua. Nilikaa chini palepale, lami ikiniunguza.

Kesho yake gari lilirudi uwanjani na tairi la akiba, likakimbia mizunguko hamsini. Geji ilipanda, ikatulia kwenye namba ileile ya tairi la moto aliyoikadiria na kuiandika kabla jua halijachomoza. Kalibu haikuvunjwa.

Mkuu alitimiza neno lake nusu: hakunifukuza, alinihamishia kituo kidogo cha Ruangwa. Huko nilikataa kupunguza upepo wa tairi la moto; niliwaambia wasubiri lipoe kwanza. Madereva wenye haraka ya kwenda Mbwemkuru walinitukana, wakaniita Bwana Subiri.

Mwaka wa tatu, adhuhuri, likaingia lori kutoka Nachingwea, Mkuu mwenyewe akashuka. Tangu uhamisho hatukuwa tumesemeshana. Nikachukua geji nisome upepo, nikapiga hatua kulifuata tairi.

"Acha," alisema. Akaketi upande wa kivuli wa lori, akavua kofia, akanionyesha nafasi kando yake. "Acha lipoe kwanza."

Sasa nimestaafu, mgongo umechakaa kuliko tairi kipara. Vijana huniuliza kama kazi ile ilinipa cheti au nishani. Nawaambia ilinipa saa nzima ya mkubwa wangu, ameketi kando yangu, akisubiri tairi lipoe.