Kamba Moja, Mashamba Mawili

Juzi mjukuu wangu alikuja dukani kwangu Bomet, mahali ninapouza saruji, mabati na vigae, akaomba vile vigae vidogo vya bafu. Mwalimu amewatuma wapange maumbo, wahesabu vigae vyenyewe, kisha wahesabu kingo za nje. Akavipanga sakafuni. Vitatu kwa vinne: vigae kumi na viwili, kingo kumi na nne. Halafu sita kwa mstari mmoja: vigae sita, kingo kumi na nne vilevile.

"Kogo, ona! Mzunguko ni sawa lakini hii ingine ni nusu!"

Kogo kwetu ni nyanya. Nikamwambia aondoe vitu vyake kwa njia ya wateja.

Mimi, rafiki yangu, niliacha shule darasa la nne, na duka hili nimelijenga bila kubebwa na mtu. Lakini hesabu hiyo naijua kuliko mwalimu wake.

Tuliishi juu ya Mogogosiek, ambako mvua ilinyesha kila mchana na harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani iliingia mpaka kwa blanketi. Asubuhi nilichuma chai na mama kabla ya shule, umande ukitulowesha hadi kiunoni. Nyanya alisafisha vibuyu vya maziwa kwa mkaa, akitusifu ama kututukana kulingana na vile mgongo wake umeamka. Nilidhani maisha ni hayo, yataendelea tu.

Baba akafa. Baba mdogo, ndugu yake, akasema shamba ligawanywe, nusu yake, nusu ya mama. Siku hizo kwetu shamba lilipimwa kwa kuzunguka: kamba ikitosha, shamba limetosha. Wazee wa kokwet, lile baraza la majirani, wakaketi kwa nyasi. Baba mdogo akazungusha kamba ndefu ya katani kwenye chai nzuri ya juu, kipande kipana, pande zikikaribiana. Kisha kamba ileile akaizungusha kwa mama: ukanda mwembamba, mrefu, unateremka hadi mtoni.

"Kamba ni moja," akasema. "Kuna mtu ameonewa?"

"Hakuna," wazee wakajibu.

Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametukatia vipande vya mraba vya katoni, na vyangu vilikuwa mfukoni. Nikaingia katikati ya wanaume, nikavipanga mbele ya miguu yao, nikahesabu kwa sauti. Kando, kumi na nne hapa na kumi na nne pale. Ndani, kumi na viwili hapa, sita pale.

"Baba mdogo amempatia mama nusu ya yake," nikasema.

"Ala! Sasa tunagawiwa shamba na katoni ya sabuni!" mzee mmoja akacheka.

"Mama, funga huyu mdomo," akasema mwingine. "Akikua hivi nani atamwoa?"

Lakini mzee wa tatu hakucheka. Aliinama, akahesabu kwa kidole, mara mbili, akamwangalia baba mdogo. Niliona ameelewa. Moyo wangu ukaruka.

Baba mdogo pia aliona. Akaanza kukunja kamba kwa kiwiko, polepole.

"Sawa. Kama kamba yangu ni ya mwizi, basi hakuna kamba. Shamba ni la ndugu yangu, na sasa linarudi kwangu. Huyu mama arudi kwao Longisa, na huyu mwalimu wake wa katoni."

Yule mzee aliyeelewa akasimama, akapangusa nyasi kwa suruali, akaenda nyumbani. Wengine wakamfuata.

Mama hakunipiga. Tulitoka na sufuria mbili na blanketi. Nyanya alisimama mlangoni, hakutupungia mkono. Yeye alikuwa anabaki na mwanawe. Huko Longisa sikuona tena darasa. Nilivunja kokoto na kuuza, na hapo ndipo biashara yangu ilianzia.

Nilipita Mogogosiek mwaka juzi. Nyanya hayuko, nyumba haiko, wazee wote wamezikwa. Ua wa boma letu umeng'olewa na chai imetanda sawasawa hadi mtoni, huwezi kujua ukanda wa mama ulikuwa wapi. Na nilikuwa sahihi. Mpaka leo nasema nilikuwa sahihi.

Nilimjengea mama nyumba ya mawe, akaishi ndani yake hadi kifo. Wageni wakimuuliza mbona hakubaki kwenye shamba la mumewe, alikuwa ananinyooshea kidole, hata mbele ya wateja wangu, bila kutabasamu.

"Binti yangu alikuwa hodari wa hesabu."