Geti Linaloozesha Vitunguu

Saa mbili asubuhi, Witness Elisha, ambaye wenzake humwita Mama Flora, anabonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba, anakitupa pembeni, anachukua kingine. Amenuna, na ana haki ya kununa.

Ni mchambuzi wa vitunguu kwenye ghala la kampuni moja eneo la Utemini, mjini Singida, kazi anayoifanya kwa miaka tisa sasa. Mzigo wa wiki iliyopita ulifika Dar es Salaam ukiwa umeoza. Wachambuzi wameambiwa huu wa leo nao ukioza, wote wanakwenda nyumbani.

"Kwa kosa gani?" anauliza kwa ukali. "Mimi kitunguu nakiona hapa. Kinavyosafiri nitakionea wapi?"

Zamani alikuwa anaambiwa. Madereva wakirudi, walikunywa chai na wachambuzi na kueleza magunia ya upande gani yalifika na joto. Safari iliyofuata, akina Witness waliweka pale vitunguu vilivyokauka sawasawa. Ujuzi huo hakuna aliyewafundisha. Waliupata kwa kuongea, kila mmoja akileta kipande chake.

Kisha magunia yakaanza kupotea. Meneja, Benson, badala ya kumtafuta mwizi, akapiga marufuku maongezi ya madereva na wachambuzi, akidhani ndiko wizi unakopangwa. Dereva anaacha lori nje, mlinzi ndiye analiingiza. Mwenye la kusema kawekewa sanduku la maoni, lenye kufuli, na ufunguo uko Dar. Ingekuwa kichekesho kama watu wasingekuwa wanakaribia kupoteza kibarua.

"Utaratibu ni utaratibu," anasema Benson. "Wizi umekwisha."

Wizi umekwisha, ndiyo. Wateja nao wanakwisha.

Lori lile lile la wiki iliyopita, jipya, lenye bodi iliyofungwa, limeshapakiwa. Witness anainuka, anakwenda getini na kupaza sauti.

"Miraji! Hili lori linachemkia wapi?"

"Mbele, Mama Flora! Nyuma ya kichwa, yale ya juu!" dereva anajibu kutoka nje. "Wiki nzima natafuta wa kumwambia!"

"Witness, rudi kazini!" Benson anafoka.

Anarudi, lakini kwenye lori, na kuamuru magunia ya mbele yashushwe. Wenzake wanapanda bila kumtazama meneja.

"Nataka geti lifunguliwe, tunywe chai na madereva kama zamani," anasema Witness, akifungua kamba ya gunia la kwanza. "Akinifukuza, haya. Tutakuwa wawili nje tunaojua, mimi na Miraji, na humu ndani atabaki na sanduku lake."