Ukuta wa Banda la Bi Mwana

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi, vikaharibika kabla ya saa nne. Bwana Mifugo wa wilaya alinipeleka kwenye ua mmoja Buguruni, nyuma ya vyumba vya kupanga, akaniambia nichuchumae ndani ya banda la ndama.

"Shusha pua mpaka ilipo pua yake. Vuta pumzi."

Macho yalinichonyota. Ukisimama husikii harufu yoyote. Kule chini hewa ya mkojo inaunguza.

"Ndama analala humo," alisema. "Mapafu yakishachubuka, kichomi kinaingia bila hodi. Sindano mara nyingi huchelewa."

Ndiyo kazi niliyofundishwa. Ndama anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, mara tu anapozaliwa. Alalie majani makavu. Asichanganywe na wakubwa wanaokohoa. Na juu ya ukuta uachwe upenyo, hewa chafu itoke bila upepo kumpiga mnyama mgongoni. Aliyenisikiliza kuliko wafugaji wote wa mjini alikuwa Bi Mwana, mjane wa pale Buguruni aliyeuza maziwa yake Kariakoo. Ndama wake walikua vizuri mpaka watu wakawa wanakuja kuwatazama.

Bwana Mifugo akapanda cheo, akawa Mkuu wa Idara, ofisi yake Posta. Jirani mpya wa Bi Mwana, mwenye ghorofa na marafiki wakubwa, akalalamikia harufu. Mkuu akaniita.

"Mwambie yule mama azibe banda mpaka juu."

"Mzee, ndama watakufa. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua watakufa." Hakuinua hata uso. "Lakini ndama hawapigi simu ofisini kwangu. Nenda."

Nilikataa. Akanipeleka nje ya mji, mnadani, nikakagua ng'ombe wa kuchinjwa kwa wiki kadhaa.

Niliporudi nilipitia kwa Bi Mwana. Upenyo wote ulikuwa umezibwa kwa tofali. Ndama mmoja alishakufa. Mwingine alinyoosha shingo, akihema mdomo wazi.

"Nani kaziba hapa?"

"Unaniuliza mimi?" Bi Mwana alinikazia macho. "Kaja fundi na mtu wa ofisini kwenu. Wamesema wewe, Bibi Mifugo, ndiye uliyeagiza. Ningelikataaje neno lako, mwanangu?"

Nilimweleza ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilichukua sururu nikabomoa mwenyewe, na yule ndama akafa kabla sijamaliza.

Nilimwendea Mkuu nikamuuliza kwa nini alitumia jina langu.

"Angekubali neno la nani mwingine?" alijibu.

Sikurudishwa tena kwa wafugaji. Nilimalizia utumishi machinjioni, nikipasua mapafu ya ng'ombe. Mara kwa mara nilikuta yaliyogandamana na mbavu, makovu ya kichomi cha utotoni, nikayatupa kwenye ndoo. Siku ya kuniaga, Mkuu alisimama akanisifu kwa utii. Watu wakapiga makofi, nami nikala pilau yao.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mtafundishwa dawa nzuri kuliko zetu. Imani ya mfugaji mtaijenga wenyewe, na wakubwa wenu watajua mahali mlipoiweka.

Mwezi uliopita nilimkuta Bi Mwana dukani Kariakoo, ananunua maziwa ya pakiti. Nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyesalimiwa na mpita njia, akamgeukia mwenye duka.