Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Enzi zetu pale Katoro mtoto hakuamshwa na mlio wa simu. Aliamshwa na karasha. Waliokulia mtaa wetu watanishuhudia: yale mapipa ya kusagia mawe ya dhahabu yalianza kuzunguka kabla jogoo hajawika vizuri, na kuanzia hapo kila kitu ndani ya nyumba kilitetemeka, vikombe kabatini, mabati juu ya kichwa, hata uji kwenye bakuli. Tulikunywa uji unaocheza. Mchana tulikula ugali wa muhogo wa udaga na dagaa wa Nkome wenye mchanga wa kutosha kujengea choo, na jioni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Vumbi jeupe la mawe lilitukaa kichwani hadi tukafanana na vikongwe. Watoto wa siku hizi ukiwasimulia hayo wanakutazama kana kwamba ulizaliwa enzi za Mjerumani.

Najua wenzangu mkikumbuka utoto mnatia sukari. Kila mzazi wenu alikuwa na hekima, kila fimbo ilikuwa ya upendo, kila ugali ulikuwa mtamu. Mniwie radhi, mimi utoto wangu una shubiri na sitaipaka asali leo.

Nilizaliwa mtu wa mashoto. Kabla sijajua kusema, kijiko kilikwenda mkono wa kushoto. Mama alikihamishia kulia, nami nikakirudisha. Nilipofika umri wa kuandaa maji ya kunawa wageni, mchezo ukaisha. Mama alichana kipande cha kitenge chakavu, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni wakati wa kula na wakati wa kupakua, na nikilalamika alikuwa na neno lake moja: "Mkono wa chooni huo, Kabula. Utampa nani chakula kwa mkono wa chooni?" Shuleni mwalimu hakuwa na kitenge, alikuwa na rula. Alinipiga kwenye vifundo vya vidole, upande wa ubapa akiwa na furaha, upande wa makali akiwa ameamka vibaya.

Sasa, mama yangu alikuwa na mdogo wake wa kiume, mjomba Masunga. Duara, yaani shimo la machimbo, alilokuwa akichimba na wenzake lilitema dhahabu kidogo, wenzake wakanunua viwanja na ng'ombe, yeye akaenda Mwanza akarudi na televisheni kubwa na mashine ya gemu. Ukoo mzima ulimcheka. Akajenga banda la mabati ubavuni mwa karasha, akaweka mabenchi, na vijana wakajaa. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula cha mchana. Nilikuwa nakiweka chini, nasubiri sahani, nakodoa macho.

Mashine ile haikuwa kama zile za vitufe vingi zilizokuja baadaye. Ulishika fimbo fupi nyeupe, kama rimoti ya televisheni, ukaielekeza kwenye kioo. Pale ulipoelekeza ndipo risasi ilipokwenda. Mkono wa pili ulishika kidude kilichoungwa kwa waya, cha kumtembeza askari wako kwa kidole gumba. Gemu lenyewe lilikuwa la askari mmoja kwenye mji uliobomoka, akiwasaka majambazi waliofunika nyuso. Unaona mikono yake na bunduki tu, kana kwamba ni wewe uliyeingia mle ndani.

Siku moja banda lilikuwa tupu na mjomba akanipa fimbo. Nikaishika kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa, nikapiga kuta, nikapiga mawingu, nikapiga kila kitu isipokuwa jambazi. Mjomba alicheka mpaka ugali ukamtoka.

"Mpwa wangu, mbona unaishika kama umeshika nyoka? Shika unavyotaka wewe. Mashine haiulizi mkono."

Nikahamisha. Jambazi wa kwanza akaanguka. Wa pili akaanguka. Nikasikia mkono wangu umepata nyumba.

Nimecheza magemu mengine ukubwani, kwa hiyo naweza kulisema lile bila ushabiki. Lilikuwa na uzuri wake. Ukitaka kurusha bomu, ulirusha mkono kweli, na bomu likaruka. Ukitaka kuweka risasi mpya, ulitikisa. Kulenga kulikuwa kwa haki: aliyezoea manati ya kuwindia ndege alikuwa hodari siku ileile, asiyezoea hakuokolewa na vitufe. Na juu ya yote, fimbo na kile kidude vilibadilishana mikono bila ugomvi, jambo ambalo mama yangu, mwalimu wangu na ukoo mzima wa baba walikuwa wameshindwa.

Ubaya nao ulikuwapo, tena mwingi. Kumgeuza askari ilibidi usukume kishale cha kulengea hadi ukingoni mwa kioo, naye akageuka polepole kama mkokoteni wa ng'ombe, huku jambazi anakumalizia mgongoni. Kishale kikitoka nje ya kioo, askari anaduwaa anatazama mbingu. Sura za watu zilikuwa kama zimefinyangwa na mtu mwenye haraka. Wakicheza wawili, wakiwindana wao kwa wao, kioo kiligawanywa na kila mmoja akabaki na kipande cha kuchungulia. Na bega! Baada ya muda bega liliwaka moto kama umeshinda unatwanga.

Halafu kulikuwa na mambo ya kwetu ambayo aliyeitengeneza mashine hakuyawaza. Juu ya televisheni palikaa kiupau cheusi kilichoisaidia fimbo kujua inaelekea wapi. Panya wakala waya wake, tukajua gemu limekufa. Fundi redio wa jirani akamwambia mjomba awashe mishumaa miwili, mmoja kila upande wa televisheni. Tukamcheka fundi, lakini kishale kikarudi kiooni kama mzimu! Tangu hapo tukapiga vita kwa mishumaa. Mlango ukifunguliwa upepo unalaza moto, na risasi zinalala nao. Jua likipenya kwenye tundu la msumari juu ya bati, fimbo inalidhania mshumaa, bunduki inakimbilia darini. Na muda wote karasha linatetemesha ukuta, meza, televisheni, mishumaa, mpaka kishale kikawa na homa.

Hapo ndipo nilipowazidi wavulana. Wao walipigana na mtetemo ule. Mimi niliulea, maana nilikuwa nimeunywa na uji tangu utotoni. Karasha lina namna yake ya kuvuta pumzi, mawe yanapofika juu ya pipa kabla ya kuporomoka, na hapo kishale hutulia kidogo. Mkono wangu wa kushoto uliijua nafasi hiyo bila kuniuliza. Nilifyatua hapo, askari wa mwenzangu akafa, benchi likapiga kelele. Kulikuwa na mmoja aitwaye Shija, mfanyakazi wa karasha, mrefu, mwenye roho safi, niliyemuua kuliko wote. Yeye ndiye aliyenibatiza. "Shoto kaniua tena jamani! Huyu Shoto si mtu!" Jina likashika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mkono ule ulitajwa bila kutukanwa, na niliupenda utani ule kuliko jina la ubatizo.

Kama jina lingebaki bandani, pengine leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini mnajua desturi yetu. Mwanamke hana jina lake akishazaa. Anaitwa kwa mwanawe, na mwenye adabu ndiye anayelitaja vizuri zaidi. Siku hiyo mama alikuwa sokoni na bibi, mama yake baba, aliyekuja kututembelea kutoka Bukombe. Bibi yule alikuwa mtu wa kuhesabu makosa ya mkwewe kimyakimya na kuyabeba hadi kwao. Shija akapita, akaona mama wa rafiki yake, akainama kwa heshima zote alizofunzwa na wazazi wake.

"Shikamoo, Mama Shoto!"

Bibi ndiye aliyeitikia marahaba, kisha akauliza taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "Shoto ndiye nani, mayu?"

Sikuwapo sokoni, lakini nilijua kuna jambo mlango wa banda ulipofunguka na mishumaa ikalala. Askari wangu akatazama mbingu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nyanya kichwani, anautazama mkono wangu ulionyooka mbele ya kadamnasi ya wavulana. Alitua kapu polepole. Hakupiga kelele, na ni afadhali angepiga.

"Masunga," alimwambia mdogo wake, "mimi nafunga, wewe unafungua?"

"Dada, ni mchezo tu."

"Leo naitwa sokoni kwa mkono wa chooni, mbele ya mama mkwe. Na wewe unaniambia mchezo." Akamnyooshea kidole. "Kesho watasema ng'wanawane, mwanangu huyu, kakosa mume kwa sababu mama yake hakumfunza kumpa mtu maji. Watasema nani? Watasema mimi. Hawatakusema wewe na televisheni yako."

Benchi lote liliinamisha macho. Shija alijikunyata kama kamwaga chakula cha msiba, maskini, hakujua kosa lake ni nini. Mimi nilimtazama mjomba. Nilimtazama kwa imani yote, maana ndiye aliyesema mashine haiulizi mkono. Nilingoja aseme tena, mbele ya mama, mara moja tu.

Fimbo ile ilikuwa na kamba ndogo ya kuvaa kifundoni isikuponyoke. Mjomba alikuja, akaitoa kamba kwenye mkono wangu wa kushoto, akaivalisha wa kulia, akaivuta ikabana.

"Acheze na huu, dada," alisema. "Kuanzia leo atacheza na huu." Kisha akaninong'oneza, "Vumilia, mpwa wangu."

Nikacheza. Mama alisubiri aone. Nilipiga kuta, nikapiga mawingu, askari wangu akazunguka kama mlevi wa gongo, na majambazi wakamuua wanavyotaka. Hakuna aliyecheka. Mama akaridhika, akajitwika kapu, akaenda.

Niwaambie ukweli: mama nilimwelewa hata siku ile. Alikuwa mwanamke aliyeolewa kwa watu wanaohesabu, na aliogopa. Mjomba ndiye sijamsamehe. Mtu akikufunga akiwa anaamini kufunga, huyo ana dini yake. Anayejua mlango uko wazi kisha anakufungia kwa sababu dada yake kakunja uso, huyo namwita mwoga, na sijali kama tunaitana mjomba na mpwa.

Kitenge kilirudi kiunoni, likizo nzima, kula, kufagia, kuandika, hata kulala. Mara kwa mara nilipeleka chakula bandani, naweka chini, naondoka. Muda ulivyopita niliona herufi zangu za mkono wa kulia zinaanza kusimama, mwalimu akanisifia mbele ya darasa. Mjomba, kwa kutaka kunifurahisha, akanipa fimbo siku ambayo banda lilikuwa tupu, akasema shika unavyotaka. Nikashika kwa kushoto. Karasha likavuta pumzi, nikafyatua, nikakosa. Likavuta tena, nikakosa. Mkono ulikuwa wangu lakini haukunijua tena. Niliirudisha fimbo mezani nikaenda zangu kulia nyuma ya lundo la mawe, na sikukanyaga tena mle ndani. Baadaye mjomba aliuza kila kitu, akafuata mlipuko mwingine, dhahabu mpya iliyovumbuliwa huko mbele, na banda likawa stoo ya magunia.

Siku hizi naishi Geita mjini na nina binti, Minza. Watoto wa siku hizi wanaua maadui wamelala chali kwenye kochi, kwa vidole gumba viwili, bila jasho, na wakimaliza wanalalamika shingo inauma. Hawajawahi kupigwa kiwiko na mwenzao aliyerusha bomu. Hawana habari ya upepo wala panya. Nikiwasimulia mishumaa, Minza ananiambia, "Mama, hiyo si uchawi kabisa?" Nacheka, lakini namwonea wivu. Minza anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake hajawahi kumgusa, ananiambia watoto wa hivi wana akili. Wana akili! Sisi tulikuwa na laana, wao wana akili, na mkono ni uleule.

Juzi mama alikuja kutuona. Amezeeka, amekuwa mpole, kila jambo anacheka. Minza akamletea chai, akamkabidhi kikombe kwa mkono wake wa kushoto. Mama akakipokea, akasema wabeja, asante ya kwetu, akanywa.

"Ana mashoto huyu," nikasema, nikimpima.

"Muache, mayu. Ndivyo Mungu alivyomuumba. Mkono una kosa gani?"

Nikashindwa kujizuia. "Mama, mbona mimi uliufunga?"

Alishusha kikombe akanitazama, na mimi namjua mama yangu akidanganya. Hakuwa anadanganya.

"Nilikufunga wewe? Lini? Hapana, Kabula, unachanganya na mtoto mwingine. Wewe ulikuwa wa mkono wa kulia tangu unatambaa."

Kisha akanyoosha kikombe nimwongezee chai, nami nikakipokea. Kwa mkono wa kulia.